Mstari wa Sita

Godoro la marehemu nyanya limesimama ukutani,
limefungwa kwa waya wa umeme uliokufa zamani,
eti lizuie makelele ya Katuba.
Halizuii.
Mama Musau hutwanga sombe saa kumi kila siku,
na ukiusikiliza wimbo wa nne kwa makini,
chini ya ngoma yangu utasikia kinu chake.
Sikukiondoa. Kilikuwa kwenye mwendo.

Miezi saba nimewakusanya.
Feza Volti wa Ruashi, miaka kumi na tisa,
hutema maneno kama anayekurudishia chenji kwa hasira.
Mapacha wa Kamalondo, ambao si mapacha,
wamefanana viatu tu.
Kapya alikuja na beti mbili na deni la sabuni,
ubeti wa tatu akauandika humo humo, juu ya karatasi ya deni.
Hawa wana simu, wana wafuasi, wana haraka.
Walimaliza kabla umeme haujakatika.

Kisha wazee.
Nasema wazee: arobaini na nane, hamsini na moja.
Katika kazi hii mtu huzeeka kama betri.
Mmoja analinda ghala la kobalti njia ya Likasi.
Mmoja amekuwa shemasi, akauliza kama kuna matusi;
yapo, nikamwambia; basi nitakuja baada ya Pasaka.
Mmoja, waliniambia mlangoni kwake,
nimechelewa kwa msimu mmoja wa mvua.

Na Asidi.
Kwenye kitambulisho ni Numbi Kitwa,
lakini alikuwa Asidi enzi za kaseti,
tulipokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu ya Biki
na bomba la kiwanda limesimama kavu juu ya mji,
bila moshi, bila mshahara.
Siku hizi anachomelea mageti.

Alifika Alhamisi na daftari la shule,
jalada lake lina jedwali la kuzidisha,
na sharti moja:
"Jina langu la kwanza. Juu. Peke yake."
Feza akacheka.
"Papa, nani anakujua?"
Hata kinu kilinyamaza.
Mimi husawazisha sauti, si watu.
Nikajifanya natafuta waya.

Akavaa vipokea sauti kama kofia ya kazini.
Akaanza, na ukuta wenyewe ulimjua.
Mstari wa sita, pumzi ikamwishia.
Akarudi. Wa sita. Kikohozi.
Akarudi.
Mara ya tano akafunga daftari:
"Hii mistari ilikuwa ya mapafu ya kijana."

"Leta," akasema Feza.
Akaupasua ule mstari katikati kama mkate wa moto:
hapa pumua, Papa, hapa acha besi iseme.
Asidi akatazama.
Kisha akanyoosha kidole kwenye simu ya binti, kwenye ubeti wake:
"Umeandika *mbongo*. Hiyo ni ya Kinshasa.
Kwetu, pesa tunaitaja namna gani?"
"Feza."
"Basi umejisahau ndani ya mstari wako mwenyewe."

Hakucheka safari hii.
Akafuta, akaandika, akafuta,
midomo ikihesabu.

Umeme ukakatika.
Kompyuta ilikuwa na asilimia kumi na moja,
na kumi na moja haina mazoezi.
Feza akamulika daftari kwa simu,
wakapita wote wawili, mara moja, bila kurudi.
Kikohozi kimo. Kinaanguka baada ya pigo la tatu,
pale pale binti alipokata,
na vijana wanaosikia sasa hunisifu:
hiyo sampuli umeitoa wapi?

Jalada lilinikosesha usingizi.
Nani juu, nani chini?
Mwisho nikaandika kwa zamu ya kusikika kwenye kanda,
nikaichapisha hivyo, nikakimbia.

Asidi aliisoma kwa kidole chenye makovu ya cheche.
Jina la kwanza: *Musau, mchi.*
Akakaa nalo.
"Huyu umemlipa?"
"Ameomba chumvi."
Akaingiza mkono mfukoni, akahesabu faranga,
akavuka kichochoro kwenda dukani.